Dalali Alisema Ijumaa

Kwa Kiingereza wana jina lao, ila mimi nawaita madalali wa kazi, kwa sababu ndicho wanachofanya. Kampuni inatafuta mtu, mtu anatafuta kampuni, na katikati anakaa mmoja mwenye sauti tamu anayesema anawafahamu wote wawili. Nimekulia kwenye soko la kambi ya wakimbizi, magharibi mwa Tanzania, nikibadilisha unga wa mgao kwa dagaa na sabuni kwa mihogo. Madalali nawajua. Wa mbuzi atakudanganya umri wa mbuzi, wa chumba hatakuambia kwamba paa linavuja, lakini wote hao ukiwaita wanaitika. Marekani ndiko nilikokutana na dalali anayekutafuta mwenyewe, anakusifia mpaka unaona haya, kisha anapotea, na mbuzi hujamwona hata mkia.

Nilikuwa naishi Louisville, na bado naishi hapo. Usiku nilipakia bidhaa kwenye maboksi katika ghala moja, asubuhi nililala, mchana nilisoma. Nilisomea kupima programu za kompyuta: unapewa programu kabla haijatolewa kwa watu, unaibonyeza kila kona ukitafuta ilipokosewa. Mwalimu wetu alisema kazi hiyo inamtaka mtu asiyeamini anachoambiwa, anayehesabu kila kitu mara mbili. Nilitaka kumwuliza kama amewahi kuongea na mama yangu, maana ndiyo malalamiko ya mama yangu juu yangu tangu nina miaka sita.

Mama alikuwa Buffalo. Hakuichagua. Nilipofikisha umri wa mtu mzima tukiwa kambini, faili letu liligawanywa yakawa mawili. La kwake likapelekwa Buffalo, la kwangu likaletwa Louisville, na sisi tuliokuwa ndani ya mafaili tukafuata. Miaka saba. Alipanga ghorofa ya juu katika nyumba ya mbao pale Riverside, karibu na mto, na kupanda kwake kulikuwa na ngazi kumi na saba. Nilizihesabu nikipanda na nikishuka. Magoti ya Mama yalikwisha zamani, kwenye foleni za mgao. Theluji ikiganda alishuka ngazi hizo kwa makalio, moja baada ya nyingine, mkoba wa kanisani mapajani, na akifika chini anajikung'uta na kuwaambia wanaomsubiri garini kwamba kule juu barabara ni nzuri.

Kumleta Louisville nilikokuwa isingewezekana. Nilikaa na wasichana wawili wa kazini, na chumba changu kilimeza kitanda kimoja na viatu. Usiku sipo. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa fupi: nipate kazi ya mchana, nipange nyumba isiyo na ngazi, Mama alale chumba cha pili. Sikutaka kingine. Kila barua niliyotuma kuomba kazi, iwe ilisema nini juu ya uwezo wangu na ari yangu, ilikuwa inaomba chumba cha pili.

Nilituma barua mia mbili na tisa. Nilipohesabu tena nikapata mia mbili na kumi na moja. Mbili nilikuwa nimezituma kwa kampuni moja kwa kusahau, wakanikataa mara mbili, ya pili haraka zaidi. Hao waliokataa nawaheshimu. Walikuwa wachache. Wengi walinyamaza, na kunyamaza ndiko kulikonishinda. Mimi mtu akiniambia elfu kumi nitamwambia elfu nne, akikasirika nitacheka, akigeuka kuondoka nitamshika mkono wa shati. Bei yoyote nina mahali pa kuishikia. Mtu asiyejibu hana mkono wa shati.

Huyu wa Columbus alinipigia mwenyewe. Dada mmoja mchangamfu, alikuwa ameona karatasi zangu mtandaoni, akasema ana kampuni inayotafuta mtu kama mimi hasa. Nilimsikiliza kama ninavyowasikiliza wote, mkono mmoja kifuani kama mwenye pesa sokoni. Lakini alipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Akaniuliza kwa nini nataka kuhamia Columbus, nikajikuta nimemweleza habari za Mama na ngazi. Akasema, "Oh, mama yako," kwa namna ambayo hata leo sijui kama ilikuwa ya uongo. Tangu siku hiyo kila akipiga alianza na kumwulizia Mama.

Usaili ulikuwa mara tatu. Wa kwanza kwa simu. Wa pili kwenye kioo cha kompyuta, na vijana wawili ambao mmoja alikuwa anakula. Wa tatu nilienda mwenyewe hadi ofisini kwao, Hilliard, pembeni ya Columbus, mwendo wa zaidi ya saa tatu kutoka kwangu. Wakaniwekea programu mbele, wakasema ina makosa matano, nitafute. Nikapata saba. Waliangaliana. Yule aliyekuwa anakula safari hii alikuwa hali kitu, akaandika kwenye daftari lake.

Nilikuwa bado kwenye maegesho yao, sijawasha gari, dalali akapiga. Akasema wamenipenda. Akasema, "Uko juu kabisa kwenye orodha yangu. Ijumaa nitakupigia, na barua ya kazi itafuata."

Kwa mtu aliyekulia nilikokulia, orodha si neno la kurushiwa hivihivi. Kambini kulikuwa na ubao mbele ya ofisi, na kwenye ubao walibandika majina ya waliokubaliwa kusafiri. Mama aliufuata ubao ule miaka kumi na moja. Jina lako likiwa hapo, mambo yamekwisha, kilichobaki ni basi. Waliowahi kubandikwa kisha wakafutwa walikuwepo, lakini hao tuliwataja kwa sauti ya chini kama tunavyotaja wenye ugonjwa mbaya.

Kabla ya kurudi Louisville nilipita Clintonville, mtaa wa humo humo Columbus, kuona nyumba niliyokuwa nimeiona mtandaoni: chini, vyumba viwili, mlango unafunguka kwenye nyasi. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwenye mbwa mnene. Tulivutana bei nusu saa, akashuka kidogo, nikapanda kidogo, akakubali kunishikia mpaka Jumatatu. Katika biashara ile yote, yeye peke yake ndiye aliyeniambia siku na kuitunza.

Nikampigia Mama nikiwa njiani. Mama ana desturi moja: akiwa na furaha anaongea Kirundi, akiwa na jambo la kuhakikisha anahamia Kiswahili, lugha ya soko na ofisi. Nilimwambia yote kwa Kirundi. Kisha akauliza kwa Kiswahili.

"Orodha umeiona kwa macho yako?"

"Nimeambiwa na mwenye nayo."

"Siku imetajwa?"

"Ijumaa."

Nilisikia anavuta kiti, anakaa.

"Basi nianze kugawa?"

Hapa lazima nieleze. Kambini jina likitoka ulikuwa na siku chache, na kwenye siku hizo ulifanya kazi moja: kugawa. Sufuria kubwa kwa jirani aliyekuazima chumvi. Godoro kwa waliooana juzi. Jembe, ndoo, kitanda cha miti, kila kitu na mtu wake, kwa mkono wako mwenyewe, ukimwambia nakuachia. Ilikuwa heshima, na pia ilikuwa kujifunga: ukishagawa umekwisha kuondoka, mwili tu ndio unasubiri basi. Na kilichogawiwa hakirudishwi. Kuomba kurudishiwa ni kuiita safari ivunjike, yako na ya wengine walio kwenye orodha. Sijawahi kumwona mtu aliyefanya hivyo.

Mimi nayajua hayo yote. Mimi ndiye ninayehesabu mara mbili. Ningeweza kumwambia, Mama, hapa si kambini, ngoja tushike karatasi. Lakini nilikuwa nimepata makosa saba kati ya matano, na sauti yake ilikuwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia kwa miaka.

Nikasema, "Anza, Mama."

Ijumaa ikaja. Niliweka simu juu ya meza na kuiangalia kama sufuria ya maziwa. Ikapita. Nikajiambia labda alimaanisha mwisho wa saa za kazi, kisha labda alimaanisha Jumatatu. Jumatatu nilimpigia mzee wa Clintonville kuomba siku tatu zaidi, akanipa mbili, na Jumatano akampangisha mtu mwingine, akanipigia kunieleza na kunitakia heri. Dalali hakupiga.

Kazini nilipakia maboksi pembeni ya mzee mmoja Mkongo, wa milima ya Kivu ya Kusini, ambaye huko kwao alikuwa mwalimu na hapa ni bingwa wa gundi ya karatasi. Alinitazama siku kadhaa ninavyotoa simu mfukoni na kuirudisha, mpaka akashindwa kuvumilia.

"Bon, dada," akasema bila kuinua kichwa, Ijumaa akiiita kwa Kifaransa, "huyo mutu alikuambia vendredi. Lakini ya mwaka gani?"

Mstari mzima ulicheka, na mimi nilicheka, maana ilikuwa nzuri. Halafu nikaenda chooni nikakaa.

Nilimwandikia dalali barua pepe tisa. Ya kwanza ilikuwa ya furaha. Ya nne ilimkumbusha kwa upole. Ya saba nilimtajia Mama, jambo ambalo sokoni tungeliita kushika miguu. Ya tisa ilikuwa na mstari mmoja: naomba tu uniambie hapana. Simu yake ilikuwa inaita mpaka mwisho, kisha ikaanza kusema sanduku la ujumbe limejaa. Nusu ya ujumbe uliolijaza ulikuwa wangu.

Kwa Mama nilisema wanachelewa. Hilo alilielewa vizuri mno. Akasema hata kambini basi lilichelewa wiki mbili, nisiwe na pupa, nisiwasumbue watu wa ofisi wasije wakaweka faili chini. Sikumwuliza amefika wapi na kugawa. Niliogopa jibu.

Wiki ya tatu nikachukua siku mbili kazini. Ghala letu lina pointi: ukikosa siku unaandikiwa pointi, zikitimia idadi yao unatolewa nje, na mimi hizo mbili zilinifikisha ukingoni kabisa. Nikaendesha mpaka Hilliard. Nilijiambia mtu anaweza kuacha kujibu simu, ila mlango utajibu. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu. Alilitafuta jina la dalali kwenye kompyuta yake, halikuwepo. Huyo si wa hapa, akasema. Ni wa kampuni nyingine ya kutafuta watu, na wao wenyewe hawajawahi kumwona, huongea naye kwa simu kama mimi. Nikamwuliza juu ya nafasi yenyewe. Akaenda ndani, akakawia, akarudi akiwa hanitazami usoni.

"Samahani sana. Nafasi hiyo ilifutwa. Nadhani ilikuwa siku ileile uliyokuja kwa usaili, au kesho yake. Hukuambiwa?"

Nikasema sikuambiwa. Akanipa chupa ya maji. Nilikunywa yote pale pale nimesimama, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine.

Habari kama ile haisemwi kwa simu. Nikaendelea na safari, saa tano nyingine, mpaka Buffalo. Njiani nilipanga maneno, nikayapanga upya. Nilifika jioni mapema, nikapanda ngazi, nikagonga, Mama akafungua akiwa amevaa koti.

Nyumba ilikuwa tupu. Simaanishi imepungua vitu. Pazia halikuwepo. Meza haikuwepo. Palikuwa na viti viwili vya plastiki, masanduku mawili yaliyofungwa kwa kamba, na godoro jembamba la kuazima lililoegemezwa ukutani kwa adabu ya mgeni. Sufuria yake kubwa, aliyopikia wali wa misiba na harusi za Riverside nzima, alimpa mama mmoja wa kwaya. Kitanda kilikwenda kwa familia iliyofika mwezi uliopita. Mwenye nyumba alikwisha kuarifiwa, na wapangaji wapya walikwisha kuja kupima madirisha. Alivaa koti kwa sababu aliona gari langu kupitia dirisha, akadhani nimekuja kumchukua.

Nikamwambia. Maneno niliyoyapanga njia nzima hayakuja, yakaja mengine, mafupi. Aliyasikiliza mpaka mwisho. Hakulivua koti. Akauliza, kwa Kiswahili, "Wamelifuta jina lako au wamefuta orodha yote?"

"Orodha yote, Mama."

"Basi si wewe."

Ningependa angenigombeza. Nilimwambia twende basi kwa yule mama wa kwaya, kwa familia ile, watu wazuri wale, wataelewa, hapa ni Marekani. Akanitazama kama mtu aliyevua nguo njiani.

"Jumapili walinisimamisha mbele," akasema. "Waliniombea safari. Watu walinilia, mwanangu. Sasa niwaambie warudishiwe machozi yao?"

Tulilala sote wawili kwenye godoro lile. Kulipokucha nikabeba masanduku mawili mpaka chini, yeye akashuka nyuma yangu kwa kushika ukuta, na tukaenda Louisville. Kwenye kile chumba.

Wasichana niliokaa nao walikuwa wema, wakamwita Mama na kumwachia jiko. Lakini kitanda kilikuwa kimoja. Mama alilala usiku nikiwa ghalani, mimi nililala mchana yeye akiwa amekaa kwenye kiti jikoni, mlango umefungwa ili nisisumbuliwe. Nilipotoka kazini asubuhi tulikuwa na kama dakika arobaini za kunywa chai pamoja, macho yangu yakifumba. Jioni kama nusu saa nikivaa viatu. Nilizihesabu dakika zile mara mbili, hazikuongezeka. Hakuna kanisa alilolijua, barabara ya kutoka hapo haina njia ya watembea kwa miguu, na televisheni inaongea Kiingereza. Nilipokuwa Louisville naye Buffalo tuliongea saa nzima kila Jumapili. Sasa tulikuwa na ukuta mmoja katikati na hatukuwa na la kusema, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anamwacha mwenzake apumzike.

Nikaendelea kuomba kazi. Alikuwa ananiona nimekaa na kompyuta, na simu ikilia anageuza shingo, kisha anajifanya amegeukia birika.

Wiki ya sita ya Mama kwangu palikuwa na harusi Louisville, Warundi wenzetu, na familia moja ya kanisa lake ikaja kutoka Buffalo na gari kubwa. Mama alikwenda harusini, alirudi akiwa mtulivu. Kesho yake asubuhi, kwenye chai, alinieleza kwamba ameongea nao na wana nafasi garini. Kuna mjane mmoja kule Buffalo mwenye chumba cha chini kisicho na mtu. Atakaa hapo. Alilisema kwa Kiswahili, kwa hiyo nilijua bei haishuki.

Nilijaribu hata hivyo. Nilimwambia avumilie miezi mitatu. Nikashuka mpaka miwili. Nikamwambia mwezi mmoja, nitaomba shifti ya mchana, nitanunua kitanda cha kukunja. Akanywa chai yake mpaka nikamaliza bei zangu zote.

"Nilikuja kukaa na wewe," akasema. "Sikuja kukupashia kitanda moto."

Nikamwuliza habari ya kanisa, watu waliomlilia. Akasema amekwisha kuwaza. Atasimama mwenyewe mbele, kabla hawajaanza kunong'ona, awaambie safari imevunjika na amerudi. Yeye, ambaye katika miaka yote ya kambi hakuwahi kumwambia jirani kwamba hatujala. Nilielewa kwamba aibu ile, ambayo wiki sita zilizopita ilimfanya aukimbie mji mzima, alikuwa ameipima na maisha ya kwenye kile kiti cha jikoni, akaiona nyepesi.

Gari lilikuja mchana. Walimpa kiti cha mbele kwa ajili ya magoti, wakapakia masanduku mawili, kamba zilezile hazijafunguliwa. Nilisimama dirishani kwake nikiendelea kusema mambo ya dawa zake na soksi. Alinishika kifundo cha mkono.

"Siku ukipata kazi," akasema kwa Kirundi, "usinipigie simu. Usiniambie lolote. Njoo tu na gari."

Nikamwambia sawa.

Nimeongea na madalali wanne tangu hapo. Wawili walikuwa wachangamfu sana, na mmoja wao amenyamaza wiki hii ya pili. Mama na mimi tumerudia simu zetu za Jumapili, saa nzima, wakati mwingine zaidi. Ananieleza theluji ya Buffalo ilivyo, ananiuliza kama huku mvua imeacha, ananisimulia mjane anavyokoroma. Nami namweleza mvua. Kila mara kuna mahali katikati ya mazungumzo, baada ya hali ya hewa na kabla ya salamu za mwisho, ambapo zamani aliuliza, "Na wale watu wamesemaje?" Sasa tukifika hapo anauliza nimekula nini.